Robo ya Milimita

Gari limelala gereji tangu jana jioni. Fundi aliagiza liletwe mapema ili injini ipoe usiku kucha, kwa sababu BMW 325i yenye ile injini ya silinda sita iitwayo M20 haipimwi valvu kwa haraka ya mwenye gari. Kipimo cha baridi cha nafasi ya valvu zake ni milimita 0.25, na baridi maana yake ni chini ya nyuzi 35. Mwezi wa Juni mjini Lubumbashi, kwenye kimo cha mita zipatazo 1,200 juu ya bahari, usiku hufanya kazi hiyo wenyewe. Saa moja asubuhi fundi anaweka kiganja juu ya kifuniko cha valvu, anakiacha hapo kwa muda, anasogeza kiganja hadi upande wa nyuma, kisha anamwambia kijana wake alete maji na sabuni. Ananawa mikono kabla ya kazi. Chembe moja ya mchanga iliyonasa kidoleni inaweza kuwa nene kuliko nafasi anayokwenda kuipima.

Gereji iko Katuba, kwenye kiwanja chenye mwembe mkubwa, banda la bati upande mmoja, na sakafu ya saruji ambayo hufagiwa na kumwagiwa maji kila siku kabla ya boneti yoyote kufunguliwa. Kiangazi cha Katanga huanza Mei, na tangu hapo vumbi jekundu hutua juu ya kila kitu. Maji hulituliza kwa saa chache. Kazi za injini iliyo wazi hufanywa ndani ya saa hizo. Breki na springi husubiri mchana, upepo ukishaanza.

Gari lenyewe ni la rangi ya kijivu, milango miwili, usukani kulia. Lilitoka Afrika Kusini, ambako BMW ina kiwanda Rosslyn, karibu na Pretoria, tangu 1973, cha kwanza kwake nje ya Ujerumani. Likapanda kwa barabara kupitia Zambia, likavuka mpaka wa Kasumbalesa, likafika mjini. Zambia wanaendesha kushoto, Kongo tunaendesha kulia, kwa hiyo dereva wake sasa hukaa upande wa mtaro, na akitaka kulipita lori la shaba kwenye barabara ya Likasi humtegemea aliyekaa kiti cha abiria amwambie kama njia ni nyeupe. Lubumbashi imejaa magari ya namna hii. Wenyewe wamezoea.

Jumamosi ni siku ambayo wapenzi wa magari ya Kijerumani hukusanyika hapa, hata asiye na kazi ya kufanyiwa. Wanaleta viti vya plastiki, na mjadala huwa ule ule: kama ungepewa moja tu, ungechukua lipi? Mmoja ana Mercedes 190E 2.6 na anaota ile 2.3-16, ambayo kichwa chake cha injini kilitengenezwa na Cosworth wa Uingereza. Mwingine anasema hakuna cha kuzungumza mbele ya Mercedes 500E ya mwaka 1990, yenye silinda nane na nguvu za farasi 326. Ni gari ambalo lilisafirishwa kwenda na kurudi kati ya karakana za Porsche kule Zuffenhausen na za Mercedes kule Sindelfingen, hata kila moja likachukua siku 18 kukamilika. Kijana mwenye Golf GTI hutetea wepesi. Na yupo mzee mmoja, mstaafu wa kampuni ya madini ya Gécamines, ambaye huwarudisha wote kwenye mbio za magari za Safari Rally: Bill Fritschy alishinda 1959 na 1960 kwa Mercedes 219, Hannu Mikkola akashinda 1987 kwa Audi 200 Quattro. Porsche je? Nafasi ya pili mwaka 1978, Vic Preston Mdogo akiwa kwenye usukani, na haikuwahi kupata ya kwanza katika miaka hiyo. Mzee husema haya kwa huzuni ya kweli, maana yeye anapenda Porsche.

Fundi hashiriki. Wakati mjadala unapamba moto yeye yuko chini ya boneti na brashi ya nywele ngumu, anasafisha pande zote za kifuniko cha valvu kwa mafuta ya taa. Anaanza na pembe, kila mahali nati ilipokaa, kisha mshono mzima ambapo kifuniko kinakutana na kichwa cha injini. Anafuta kwa kitambaa, anageuza kitambaa, anafuta tena. Kitambaa kinatoka chekundu, halafu cha kahawia, halafu na doa dogo tu. Ndipo anakitupa na kuchukua kingine. Nimeona gereji nyingi ambako kifuniko hutolewa kwanza na uchafu hufutwa baadaye, ukiwa tayari umedondokea ndani kwenye kamshafti. Dakika ishirini hizi za brashi hazilipwi na mteja yeyote, kwa kuwa hakuna mteja anayezijua.

Plagi zinafuata, zote sita. Kila moja inatolewa, inapulizwa pembeni pake kwanza, na kuwekwa juu ya gazeti kwa mpangilio wa silinda iliyotoka, ya kwanza ikiwa ile ya mbele kabisa, karibu na rejeta. Anazitoa kwa sababu mbili. Injini isiyo na plagi haigandamizi hewa, hivyo huzunguka kwa mkono bila kurukaruka. Sababu ya pili ni kuzisoma. Anainama juu ya gazeti: nne zina rangi ya kahawia iliyofifia, mbili zimeelekea weusi. Weupe ungemtisha, maana ni dalili ya injini kuungua kwa njaa ya petroli. Weusi kidogo hapa si ajabu. Hewa ya Lubumbashi ni nyembamba kuliko ya pwani, mchanganyiko huelekea kuwa mzito wa petroli, na zile nguvu za farasi 170 zilizoandikwa na BMW kule Munich hupungua kwa karibu moja ya nane kabla gari halijasogea hata hatua. Wanaochagua gari kwa kusoma takwimu za kasi wangepaswa kujua kwamba takwimu hizo zilipimwa kwenye hewa nyingine.

Nati za kifuniko analegeza kwa zamu, kila moja nusu mzunguko, kutoka pembeni kuingia katikati, kisha anarudia. Kifuniko ni cha aluminiamu na hakipendi kupindwa. Kikiwa huru hakivuti. Anakigonga kwa kiganja upande mmoja, anasikiliza, anagonga upande wa pili, hadi gasketi iachie bila kuchanika. Gasketi mpya ipo, imekuja kutoka Afrika Kusini, lakini ya zamani pia inawekwa kando, imelala tambarare juu ya ubao. Hapa hakuna kitu kinachotupwa kabla ya kingine kuthibitishwa.

Sasa mtambo uko wazi. Kamshafti imelala katikati kwa urefu wote, na kila upande kuna safu ya roka sita: upande mmoja za kuingiza mchanganyiko wa hewa na petroli, upande wa pili za kutoa moshi. Roka ni mkono mfupi wa chuma. Ncha yake moja husukumwa na kamshafti, nyingine hubonyeza valvu. Kwenye ncha ile ya valvu ndipo Wajerumani walipoweka kitu ambacho fundi hukiangalia kwa heshima: kisahani kidogo cha chuma kilichobanwa na nati ya 10, na mhimili wake hauko katikati. Ukikizungusha, upande wake mnene hukaribia valvu au huenda mbali nayo. Hakuna skrubu ya kupandisha wala kushusha. Kisahani kina tundu dogo ubavuni, na katika tundu hilo huingizwa waya mgumu uliopindwa, wa kukizungushia.

Waya wa fundi umetengenezwa kwa spoku ya baiskeli. Ameukata, ameupinda ncha kwa pembe anayoitaka, ameupasha moto na kuuzamisha kwenye mafuta ili ukakamae, na upande wa kushikia ameuzungushia utepe wa umeme. Katanga nzima hubebwa na baiskeli. Magunia ya makaa huingia mjini juu yake kila alfajiri, na spoku zilizovunjika hazikosekani. Nilipoushika nilishangaa jinsi ulivyokaa vizuri mkononi. Unene wa utepe umetoka kwenye miaka mingi ya kidole gumba kile kile kulala mahali pale pale.

Kijana wa kazi anashika spana yenye mpini mrefu, ameiingiza kwenye nati ya krankshafti mbele ya injini. Kazi yake ni kuzungusha kufuata mshale wa saa, na kutorudisha nyuma kamwe. "Kiloko," yaani kidogo, fundi anamwambia. "Kiloko tena. Acha." Macho yake yako kwenye silinda ya sita, ile ya nyuma kabisa. Anangoja wakati roka ya kutoa moshi inamaliza kupanda na ile ya kuingiza inaanza kushuka, valvu mbili zinapishana. Wakati huo huo silinda ya kwanza iko juu kabisa, valvu zake zote zimefungwa, roka zake zimelegea. Hapo ndipo hupimwa. Silinda sita zinaenda kwa jozi: ya sita ikipishana unapima ya kwanza, ya pili ikipishana unapima ya tano, ya nne ikipishana unapima ya tatu, halafu jozi zinageuka. Utaratibu wa kuwaka ni 1, 5, 3, 6, 2, 4, na kati ya silinda moja na inayofuata krankshafti huzunguka theluthi moja tu ya mzunguko. Kijana anaukariri kwa sauti ya chini. Hakuandikiwa popote. Fundi alimfundisha kwa mdomo, na anataka ukae mdomoni.

Kisha inakuja fila geji. Ni mabamba membamba ya chuma, kila moja limeandikwa unene wake. Fundi hutumia matatu: la 0.20, la 0.25 na la 0.30. La kwanza lazima lipite bila kizuizi. La tatu lazima likatae kabisa. La kati ndilo lenye neno. Anaingiza bamba la 0.25 kati ya kisahani na ncha ya juu ya valvu, analivuta kwa vidole viwili, na kinachotafutwa ni ukinzani fulani, ule wa kuvuta karatasi kutoka chini ya kitabu chepesi. Mafuta ya injini yaliyobaki juu ya chuma hubadilisha hisia hiyo, kwa hiyo hufuta bamba kila mara kabla ya kuliingiza.

Valvu ya kwanza ya kuingiza iko sawa. Hagusi nati. Anasema tu namba, na kijana anaandika kwa chaki kwenye ubao. Nililiheshimu hilo kuliko nilivyotarajia, kwa sababu mkono ulioshika spana hutamani kuitumia. Valvu ya kutoa moshi ya silinda hiyo hiyo imelegea kidogo, bamba la 0.30 linapita. Analegeza nati ya 10, anaingiza waya wa spoku, anasogeza kisahani kiasi ambacho jicho langu halikuona, anashikilia waya kwa mkono wa kushoto na kukaza nati kwa wa kulia. Ugumu wote uko hapo. Nati inapokaza hutaka kukizungusha kisahani pamoja nayo, na kile ulichopima kinapotea wakati unakifunga. Fundi hukisogeza kisahani kupita kidogo kipimo anachokitaka, ili nati ikikivuta kirudi penyewe. Kiasi cha kupita hakifanani kwa kila roka, na hajui kukieleza kwa namba. Anapima tena. La 0.20 linapita, la 0.25 linakinza, la 0.30 linakataa. Anasema namba.

Ya tano, ya tatu, ya sita, ya pili. Mjadala wa viti vya plastiki umefika kwenye BMW M3 ya mwaka 1986, injini ya silinda nne, nguvu za farasi 200, na mtu anapaza sauti. Chini ya boneti hakuna kinachobadilika: theluthi ya mzunguko, macho kwenye valvu zinazopishana, kitambaa, bamba, spana, waya, bamba.

Silinda ya nne ndiyo inayomsimamisha. Bamba la 0.20 halipiti kwenye valvu ya kutoa moshi. Analiweka chini, anachukua la 0.15, nalo linapita kwa shida. Anamwita mwenye gari, kijana wa miaka thelathini hivi, anayefanya kazi kwenye kampuni ya uchukuzi.

"Njoo uangalie. Hii ilikuwa inakufa."

"Lakini Papa, haikupiga kelele hata siku moja."

"Ile inayopiga kelele inakuonya. Ile inayokaza inanyamaza."

Na ndivyo ilivyo. Nafasi ikiwa kubwa mno, roka huigonga valvu badala ya kuisukuma. Unasikia mlio, na katika M20, ambayo roka zake zinajulikana kwa kuvunjika injini ikizungushwa kasi kupita kiasi, kugonga huko si jambo la kupuuza. Nafasi ikiwa ndogo mno hali ni mbaya zaidi. Valvu ikipata joto hurefuka. Isipopata mahali pa kurefukia hubaki wazi kwa unywele mmoja, moshi wa moto hupenya kwenye mwanya huo kila mlipuko, na ukingo wa valvu huanza kuliwa. Dereva hasikii lolote hadi siku nguvu inapoanza kupungua, na siku hiyo kichwa chote cha injini lazima kitolewe. Fundi anamwonyesha mwenye gari jinsi bamba linavyokataa, anampa alivute mwenyewe, kisha analegeza nati. Hii anaipima mara nne.

Valvu kumi na mbili zimekwisha, na mimi nilidhani kifuniko kinarudi. Fundi anamwambia kijana wa kazi azungushe injini mizunguko miwili kamili, wanaanza upya kutoka silinda ya kwanza. Mafuta yamejisambaza, roka zimekaa mahali pake, na kipimo cha pili ndicho anachokiamini. Mbili zimesogea: moja kwa kiasi cha bamba kubadilisha hisia tu, nyingine hadi la 0.30 kupita. Anazirekebisha bila kunung'unika, anafuta namba za chaki, anaandika mpya. Wakati huo jua limefika kwenye tawi la chini la mwembe, na wenye viti wamesogeza viti vyao.

Kabla ya kufunga anaangalia mkanda wa kamshafti. M20 hutumia mkanda wa mpira wenye meno, si mnyororo, na ukikatika pistoni hukutana na valvu zilizo wazi. Anaupinda sehemu inayoonekana, anatafuta nyufa kati ya jino na jino, anamuuliza mwenye gari ulibadilishwa lini. Kijana hajui, gari alilinunua likiwa hivyo. Fundi anasema utabadilishwa kabla ya safari yoyote ya Kolwezi, na kijana anakubali bila kuuliza bei. Baada ya kuona bamba la 0.15, angekubali mengi.

Kufunga ni kufungua kwa kinyumenyume, lakini polepole zaidi. Gasketi mpya inalazwa kwa vidole, nati zinaanzwa zote kwa mkono, zinakazwa kutoka katikati kwenda pembeni, kidogo tu, kwa spana fupi ili mkono usipate nguvu ya kupita kiasi. Plagi nazo huingizwa kwa vidole mpaka zikatae, maana kichwa ni cha aluminiamu na uzi wake ukiharibika hauna msamaha.

Injini inawaka mara ya pili ya kugeuza ufunguo. Mjadala unanyamaza wenyewe, hakuna aliyeuzima. Silinda sita kwenye mstari mmoja zina utulivu wa pekee, pistoni zake zikifutana mitikisiko, na inapokuwa sawa kinachobaki ni mlio laini wa valvu kumi na mbili zinazofunga kwa kufuatana. Fundi anaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye kifuniko na mpini wake sikioni. Anapita kutoka mbele kwenda nyuma, anakaa zaidi kwenye ya nne. Hamruhusu mtu kukanyaga mafuta hadi sindano ya joto ifike katikati. Halafu anamwambia mwenye gari alipeleke njia ya Kipushi na kurudi, asivuke mizunguko elfu nne.

Mwenye 190E 2.6 anasema gari lake halihitaji haya yote, na anasema kweli: injini yake, M103, ina vifaa vinavyojirekebisha kwa shinikizo la mafuta, na nafasi ya valvu hujipima yenyewe mwaka hadi mwaka. Ni uhandisi mkubwa. Mimi hata hivyo, baada ya asubuhi ile, kura yangu naipa 325i. Iliundwa na watu waliotarajia kwamba siku moja mtu ataifungua, atanawa mikono, na atakuwa na muda. Katika mji ambao kipuri husafiri nchi tatu kabla ya kufika, gari linalokubali kurekebishwa na mkono wa mtu lina thamani ambayo haipimwi kwa sekunde za kufika kilomita mia.

Ndipo wakamuuliza fundi yeye angechukua lipi, akiwa anafuta mabamba yake moja moja kwa mafuta mepesi kabla ya kuyafunga. Akasema M3. Wakashangilia, wakidhani ni kwa ajili ya nguvu zake 200. Yeye akaeleza kwamba injini ile ina valvu kumi na sita na haina kisahani cha kuzungusha wala nati ya kulegeza. Nafasi yake hurekebishwa kwa visahani vya unene tofauti vinavyokaa juu ya kila valvu. Unapima zote, unaandika, unapiga hesabu ya kila kimoja, unatoa chenye unene usiofaa na kuweka kinachofaa, halafu unapima zote tena. Hajawahi kufungua hata moja. Akakadiria siku mbili. Kisha akamgeukia mwenye gari la kijivu, aliyekuwa amesharudi kutoka njia ya Kipushi, akamuuliza kama ana ndugu Johannesburg anayeweza kutafuta seti ya visahani hivyo, ya unene wote, kwa sababu ni lazima uwe navyo mkononi kabla hujafungua kifuniko.